Dawa Ambazo Bwana Nash Hakuzinywa

Karibu na mwisho wa senema iitwayo A Beautiful Mind, iliyotolewa mwaka 2001, mjumbe afika Princeton kumtazama John Nash, mwanahisabati aliyeugua skizofrenia, aone kama mtu huyu aweza kupewa tuzo ya Nobel bila ya kuleta fedheha ukumbini. Katika mazungumzo yao Nash asema kwamba sasa anatumia dawa za namna mpya. Neno hilo lasemwa upesi na kupita, na yamkini watazamaji wengi hutoka nje wamekwisha kulisahau. Mimi nataka kulizuia kidogo lisipite, kwa sababu si kweli. Kitabu cha Bibi Sylvia Nasar, ambacho senema ilikitwaa jina lake na habari zake, kilipigwa chapa mwaka 1998, nacho chaeleza wazi kwamba Nash aliacha dawa mwaka 1970 wala hakuzirudia. Alipopewa tuzo mwaka 1994 alikuwa amekaa yapata miaka 24 bila kidonge.

Kosa hili halikutokana na ujinga. Watungaji wa senema walikuwa na kitabu mkononi. Waliogopa kwamba wagonjwa wakimwona shujaa wao apata nafuu bila dawa, nao watazitupa zao. Hofu hiyo si ya kipuuzi hata kidogo. Katika utafiti wa Delbert Robinson na wenzake, uliotangazwa mwaka 1999, wagonjwa walioacha dawa baada ya kupata nafuu ya shambulio la kwanza walikuwa katika hatari ya kurudiwa na ugonjwa karibu mara 5 kuliko walioendelea nazo. Senema yenye kutazamwa na mamilioni ya watu yaweza kudhuru, na mtungaji asiyejali jambo hilo hastahili heshima yetu. Basi nia ya watu hawa siihukumu. Nahukumu utungo wao.

Mapema katika senema hiyo hiyo kuna sehemu nzuri sana. Nash aona kwamba vidonge vimemfunga akili, hesabu hazimjii, kitanda cha ndoa kimepoa, na mtoto akilia baba hana la kufanya. Hapo aanza kuvificha asivimeze. Haya ni ya kweli kwa wagonjwa wengi. Dawa ya kwanza ya namna hii, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, nayo na zilizoifuata zimewatoa watu wengi mno katika vifungo vya hospitali. Lakini dawa zizimazo sauti huweza pia kuleta usingizi mzito, kunenepa, kukakamaa kwa viungo na mikono kutetemeka. Anayekataa dawa mara nyingi ana hoja, ingawa wakati mwingine ugonjwa wenyewe humficha kwamba yu mgonjwa. Senema yaigusa hoja hiyo, kisha yaikimbia. Mara moja kukataa kwageuzwa dhambi, na adhabu yake ni mtoto mchanga kukaribia kufa maji bafuni. Halafu baadaye laja neno la dawa mpya, na swali lafungwa. Mtazamaji haulizwi mtu huyu apoteza nini akimeza, wala apoteza nini asipomeza.

Tena uwongo huu haukuweza kusimama peke yake, ulihitaji mwenziwe. Senema yaonyesha ndoa isiyovunjika. Kwa kweli Alicia Nash alitalikiana na mumewe mwaka 1963, na mwaka 1970, alipokuwa hana pa kwenda, akampokea nyumbani kwake, si kama mume bali kama mpangaji. Walioana tena mwaka 2001. Katika miaka hiyo mirefu Nash alizunguka Princeton akiandika mafumbo ubaoni, na chuo kikamwachia atembee. Hii ndiyo gharama ya kukaa bila dawa kwa mtu huyu mmoja: nyumba ya mwanamke aliyekwisha kumwacha, na chuo kilichomvumilia. Ni wagonjwa wangapi wenye vitu hivyo viwili? Lau senema ingalisimulia hayo, isingalimshawishi mtu yeyote kutupa vidonge vyake. Kweli nzima ingaliwaonya wagonjwa kuliko uwongo ule.

Ushahidi wangu ni kitabu kingine, The Center Cannot Hold, cha Bibi Elyn Saks, profesa wa sheria huko California, kilichotoka mwaka 2007. Bibi Saks ana ugonjwa huo huo, na kwa miaka mingi alipigana na dawa. Alipunguza, aliacha, aliugua, alirudia, akapunguza tena, maana kwake kumeza kidonge kulikuwa ni kukiri kwamba yu mgonjwa. Hatufichi hata mara moja. Msomaji huchoka, hukasirika, hutaka kumshika mkono. Na hatimaye anapozikubali dawa, msomaji ajua kilichokubaliwa na kwa bei gani.

Katika vituo vya tiba nchini Tanzania watu husema "ufuasi wa dawa". Nalipenda neno hilo kuliko "utii". Mtii huamrishwa, lakini mfuasi huenda kwa miguu yake, naye aweza kubaki nyuma, akapumzika, akauliza njia. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2003, lilifafanua ufuasi kuwa ni matendo ya mgonjwa kulingana na mashauri waliyopatana yeye na mganga wake. Na taarifa hiyo yasema kwamba hata katika nchi tajiri, ufuasi wa wenye maradhi ya kudumu kwa jumla ni kadiri ya asilimia 50 tu. Wenye presha na wenye kisukari wamo humo. Bibi Saks aliandika habari za mfuasi. Senema ilitaka mtii, na ilipomkosa ikamzua.

Mwaka jana niliitazama tena pamoja na ndugu yangu mdogo, ambaye hunywa dawa za ugonjwa huu kila usiku, isipokuwa usiku ambao hazinywi. Lilipofika neno lile alicheka, akanigeukia.

"Kaka, hizo mpya ni zipi? Na mikono haitetemeki?"

Nilimwambia kwamba Nash hakunywa dawa yoyote. Alinyamaza kitambo, kisha akataka kujua huyo mke wake alikuwa akimpikia nini.