Sukari na Uchungu: Suala la Uasili katika Nyimbo na Maonyesho ya Zucchero Fornaciari

Utangulizi

Mhakiki anayezikabili kazi za mwimbaji Mwitalia Zucchero Fornaciari hukutana mara moja na swali lisilokwepeka. Je, bluzi, muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini katika mazingira ya ubaguzi na jasho la mashamba ya pamba, unaweza kuimbwa kwa haki na mzaliwa wa kijiji cha wakulima katika bonde la mto Po? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa njia mbili nyepesi. Wapo wanaomwona msanii huyu kuwa mwigaji tu, na wapo wanaodai kuwa muziki hauna mipaka na hivyo hakuna la kujadiliwa. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayazitazami nyimbo zenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba uasili wa Zucchero unapatikana katika mambo matatu, yaani lugha, mgogoro wa dini na anasa, na utendaji wa jukwaani. Hata hivyo, lipo deni ambalo ustadi huo wote haujalilipa.

Msanii huyu, ambaye jina lake halisi ni Adelmo Fornaciari, alizaliwa tarehe 25 Septemba 1955 huko Roncocesi, karibu na mji wa Reggio Emilia. Jina la Zucchero, maana yake sukari, alipewa na mwalimu wake wa shule ya msingi. Familia yake ilihamia Forte dei Marmi, pwani ya Toscana, na baadaye alianza masomo ya utabibu wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Pisa bila kuyamaliza. Katika tamasha la Sanremo la mwaka 1985 wimbo wake "Donne" uliambulia nafasi ya karibu na mkia. Albamu zilizofuata, hasa "Blue's" (1987) na "Oro incenso e birra" (1989), ndizo zilizomweka katika safu ya mbele ya muziki wa Ulaya.

Lugha na Lahani

Tatizo la kwanza ni la kiarudhi, na mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atalitambua bila shida. Mshororo wa bluzi katika Kiingereza hupenda kuishia kwa neno fupi lenye mkazo, ambalo hufunga mlango kwa kishindo. Kiitalia, kama Kiswahili, humalizia maneno yake mengi kwa irabu na huweka mkazo aghalabu katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji wa Kiitalia anayelazimisha mapigo ya Kiingereza hujikuta ama akiyakata maneno yake ama akiuchelewesha muziki.

Katika "Senza una donna" Zucchero hakuificha irabu ya mwisho. Alichagua mwendo wa polepole, akaiacha irabu hiyo iwe uwanja wa sauti yake ya mkwaruzo kupinda na kulalama. Kwa maneno mengine, kile kilichoonekana kuwa udhaifu wa lugha kiligeuzwa kuwa mahali pa kilio. Si ajabu kwamba toleo la mwaka 1991, aliloliimba pamoja na Paul Young kwa kuchanganya Kiingereza na Kiitalia, lilifika nafasi ya nne katika chati ya Uingereza.

Mchanganyiko huo wa ndimi hujitokeza hata katika anwani za kazi zake. "Overdose (d'amore)" ni nusu Kiingereza nusu Kiitalia. "Blue's" ina kibainishi kisichohitajika na sarufi ya Kiingereza. Lakini kwa kuwa alama hiyo huonyesha umilikaji, yamkini kosa hilo linafichua swali zima la albamu: bluzi hii ni ya nani? Jibu zito zaidi linatolewa na "Diamante" (1989), wimbo unaobeba jina la bibi yake na ambao maneno yake yaliandikwa na Francesco De Gregori. Humo mna harufu ya ghala za nafaka na furaha ya vita vilivyokwisha, na mwishoni husikika wito wa lahaja ya nyumbani ukimwita mtoto arejee. Muziki ni wa kuazima, ila sauti inayoita ni ya Emilia.

Ibilisi wa Nyumbani

Jambo la pili ni la kidhamira. Bluzi na nyimbo za injili za Wamarekani weusi ni ndugu waliogombana: ala na sauti zilezile, Jumamosi kwa shetani na Jumapili kwa Mungu. Zucchero alikulia katika eneo ambalo baada ya Vita Vikuu vya Pili lilikuwa ngome ya chama cha Kikomunisti, ilhali kengele za kanisa Katoliki hazikunyamaza. Kwa hiyo ugomvi huo hakulazimika kuuazima, aliukuta nyumbani. "Oro incenso e birra" inazigeuza zawadi za mamajusi kwa kuweka bia mahali pa manemane. "Spirito DiVino" (1995) inamtia roho wa Mungu na kileo cha mvinyo katika neno moja. Tashtiti hii si ya mtu asiye na dini, kwani kwaya na kinanda cha kanisa humrudia kila anapodhani amekimbia.

Jukwaa kama Matini

Ruth Finnegan alisisitiza mwaka 1970 kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika haikamiliki nje ya utendaji wake. Mtazamo huo unafaa hapa. Zucchero aliimba Kremlin, Moscow, tarehe 8 Desemba 1990, mwaka mmoja kabla ya dola ya Kisovieti kuvunjika. Tarehe 8 Desemba 2012 aliimba Havana, akiwa ameshazitia nyimbo zake midundo ya Kikuba. Nyimbo ni zilezile, lakini hadhira na wakati vimezitunga upya.

Mfano mgumu zaidi ni "Miserere" (1992), uliorekodiwa pamoja na Luciano Pavarotti, baada ya kijana Andrea Bocelli kuimba sehemu ya opera katika rekodi ya majaribio. Pavarotti alifariki mwaka 2007. Tangu hapo mwimbaji huyo amewahi kusikika katika maonyesho ya Zucchero kwa njia ya kurekodiwa, akijibizana na mwenzake aliye hai. Hapa nadharia ya utendaji inatikiswa: mmoja anaweza kubadilika kila usiku, mwingine hawezi tena. Na kwa kuwa wimbo ni wa kuomba rehema, ugumu huo wa marehemu kutobadilika unaupa uzito ambao rekodi ya awali haikuwa nao.

Hitimisho

Deni linabaki. Bluzi ilikuwa pia ushahidi dhidi ya dhuluma, na ibilisi wa Zucchero mara nyingi ni wa chumbani tu. Mwanamke katika nyimbo zake hutamaniwa na kulaumiwa zaidi ya kusikilizwa. Kushirikiana na mabingwa kama Miles Davis na Eric Clapton kunathibitisha heshima, wala hakulipi deni hilo. Jaribio lake la karibu zaidi ni "Partigiano reggiano" (2016), unaowakumbuka wapiganaji wa Reggio waliopinga ufashisti. Hapo hatimaye amepata dhuluma na upinzani wa kwao, visivyohitaji kuazimwa Mississippi. Lakini anwani hiyo ni mchezo wa maneno juu ya jibini maarufu ya eneo hilo, na kicheko kinaufikia ushahidi kabla haujamaliza kusemwa. Sukari ndiyo nguvu ya mwimbaji huyu, na ndiyo inayomzuia kuuacha uchungu ubaki uchungu.