Yaliyokoma na Yaliyozoewa

Katika shule zetu za Karagwe na Kyerwa liko somo moja la Kiingereza ambalo mtoto hulipita akidhani amelijua, kumbe amechukua kosa litakalomfuata hata ukubwani. Ni somo la maneno "used to". Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyokifundisha.

Mara nyingi mwalimu huandika ubaoni kwamba "used to" maana yake ni kuzoea, kisha huendelea mbele. Tafsiri hiyo ni nusu tu ya kweli, kwa kuwa maneno hayo yana kazi mbili. Ya kwanza ni kutaja desturi au hali iliyokuwapo zamani, nayo sasa imekoma. "Kyerwa used to be part of Karagwe District", yaani Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, kama ilivyokuwa mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Hapo hapana kuzoea hata kidogo. Kazi ya pili ni kutaja mazoea, na hapo hutanguliwa na kitenzi cha kuwa: "The people of Murongo are used to the river", yaani watu wa Murongo wameuzoea mto Kagera. Mazoea hayo yapo hata leo.

Tena liko kosa jingine, nalo latoka katika Kiswahili chetu. Sisi twasema, "Mimi huamka mapema." Mtoto akiitafutia "hu" mwenziwe katika Kiingereza, huishika "used to" na kusema, "I used to wake up early." Lakini desturi ya sasa Waingereza huitaja kwa kitenzi kitupu: "I wake up early." Zamani walikuwa na "use to" ya wakati uliopo, bali imekufa, imebaki ya wakati uliopita tu.

Je, ni jambo dogo? Tuseme kijana aliyemaliza kidato cha nne aomba kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha kahawa. Ataka kusema kwamba huamka mapema na amezoea hesabu. Aandika, "I used to wake up early. I used to keep accounts." Asomaye aelewa kwamba mtu huyu alikuwa na bidii, sasa ameiacha. Barua yake mwenyewe imemshtaki.

Wako walimu wakatazao Kiswahili kisisikike kabisa katika somo la Kiingereza. Mimi naona hapa Kiswahili ndicho msaada, maana chatenga vizuri yale yanayofanana katika Kiingereza. Tuandike kwanza: "Nilikuwa nikinywa kahawa", "Hunywa kahawa", "Nimezoea kunywa kahawa". Tuwaulize watoto: ni lipi limekoma, lipi hufanyika, lipi limezoewa? Wakiisha kujibu, ndipo tuandike: "I used to drink coffee", "I drink coffee", "I am used to drinking coffee". Tuwaonyeshe pia kwamba katika mazoea kitenzi hupata "ing" mwishoni, kwa kuwa "kunywa" ya Kiswahili haitawakumbusha.

Basi, walimu wenzangu, maana itangulie, maneno yafuate. Kijana asinyimwe kazi kwa sababu ya tafsiri tuliyoiandika kwa haraka.