Vitimbi vilituchekesha, ila kuna walioumia

Asifuye mvua imemnyea. Ukinisikia nikisifu runinga ya miaka ya 1990, jua niliitazama. Vitimbi na Vioja Mahakamani vya KBC vilikuwa hazina. Vipindi vingi vilipokuwa vya Kiingereza, Mzee Ojwang’ na Mama Kayai waligombana kwa Kiswahili cha nyumbani, cha madeni, wivu na ugali. Sarufi ya vitabuni haifundishi kugombana hivyo!

Lakini jamani, kicheko chetu kilitegemea mno lafudhi. Benson Wanjau, aliyeigiza Ojwang’, hakuwa Mjaluo. Lafudhi ile aliivaa kama koti na kuivua kazi ikiisha. Aliyelelewa nayo ataivulia wapi? Nimefundisha wanafunzi wenye hoja nzito walionyamaza darasani wasije wakaambiwa ati wanaongea kama Ojwang’. Wengine walikimbilia Kiingereza, kisha tukawalaumu kwa kukidharau Kiswahili.

Simlaumu msanii, alikuwa stadi wa kazi yake. Nawalaumu waliokitoa kicheko kile sebuleni wakakipeleka darasani. Lafudhi si kosa la sarufi. Tuvikumbuke vipindi vile kwa furaha, ila mwanafunzi akisema, tusikilize hoja yake kwanza.