Mtazamaji Katika Sherehe za Taifa

Tarehe 9 Disemba ni siku ya mapumziko nchini Tanzania. Katika miaka ambayo sherehe za Uhuru huandaliwa, wananchi huamkia kiwanjani kutazama gwaride, halaiki, ngoma na ngonjera. Alasiri hurudi mitaani, wakakaa barazani na marafiki kwa kahawa, bao na mazungumzo. Wako wanaodhani kwamba nusu ya kwanza ya siku hiyo ndiyo utamaduni, na nusu ya pili ni kupoteza wakati. Sisi tunadai kwamba nusu hizo mbili ni kitu kimoja, na kwamba kila moja hupungukiwa inapotengwa na mwenzake.

Hapana shaka kwamba sherehe ya siasa ni sanaa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa Dar es Salaam, na Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Vitendo hivyo havikuhitaji maelezo marefu. Mtoto na mzee walivifahamu kwa kuvitazama.

Lakini sanaa zetu za jadi hazikumtaka mtazamaji atazame tu. Huko Usukuma, baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na kikundi kinachovuta watu wengi zaidi ndicho hushinda. Mtazamaji ndiye hakimu, na miguu yake ndiyo kura. Kiwanjani mambo hugeuka. Kikundi hupewa dakika chache, nacho hucheza kikielekea jukwaa kuu. Wananchi walioketi upande wa pili huona migongo. Hata akina mama wa Ugogo wapigao muheme, ambao ngoma zao husisimua kila aliye karibu, huonekana kwa mbali kama pambo la uwanja.

Ngonjera nayo imepatwa na jambo hilo. Mathias Mnyampala (1917–1969) aliieneza, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitumika sana kueleza siasa ya Ujamaa. Umbo lake ni majibizano: mmoja hauliza, mwingine hueleza, mpaka wakubaliane. Basi nguvu ya ngonjera imo katika uzito wa swali. Mwulizaji akiwa dhaifu, jibu nalo hukosa thamani, kwa kuwa halikumshinda mtu. Katika nyingi tulizozisikia viwanjani, mwulizaji ni kivuli tu. Huuliza beti mbili, hukubali katika ubeti wa tatu, kisha wote wawili humsifu mgeni rasmi. Vina na mizani ni kamili, ila ubishi haumo.

Ubishi huo umehamia barazani. Hapo watu hupima kikundi kipi kilicheza vizuri, hotuba ipi ilichosha, na kama gharama ilistahili. Mzee mmoja alimwambia mwenzake mbele yetu, "Ndugu yangu, watoto wamesema vizuri, lakini hawakuuliza lililo moyoni mwao." Mwaka 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kwa usafi, tuliwasikia wengine wakisifu kubana matumizi, na wengine wakiuliza vijana watajifunzia wapi habari za mwaka 1961. Kila upande ulikuwa na hoja, na hapakuwa na aliyekubali upesi. Hiyo ilikuwa ngonjera ya kweli, ijapokuwa haikuwa na vina.

Kwa hiyo walimu wanayo kazi. Kabla ya kumpa mwanafunzi beti za kukariri kwa ajili ya sherehe, wamtume barazani akasikilize wazee na vijana wanauliza nini. Swali hilo apewe mwulizaji wa ngonjera, naye aruhusiwe kulitetea kwa beti za kutosha. Ngoma nazo zichezwe katika duara, ili kila upande uone nyuso za wachezaji. Kijana aliyelishwa majibu tu atapiga makofi siku ya sherehe na kusahau kesho yake; aliyeuliza na kujibiwa atakuwa na neno la kuwaambia wanawe.