Gego la Mwisho na Kidonge Kilichochelewa

Maumivu yanayofuata kung'olewa kwa gego la mwisho la taya la chini hutoka kwenye mfupa na ufizi uliokatwa, na saa yake ya kuanza inajulikana. Tangu dakika ya kwanza ya upasuaji, seli zilizojeruhiwa huanza kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi, hutanua mishipa ya damu na kuifanya ivujishe majimaji kwenye nyama za shavu. Haya yote huendelea mgonjwa akiwa ametulia kitini, mdomo umekufa ganzi, hajui lolote. Dawa ya kuzuia prostaglandini ikimezwa baada ya maumivu kuwaka, hukuta ghala limeshajaa. Kasoro kubwa ya huduma ya gego la mwisho ni hiyo, nayo hufanyika kwa kalamu, baada ya koleo kuwekwa chini.

Kazi ya mkono haina lawama. Ufizi hupasuliwa, mfupa huchongwa kwa drili inayopozwa na maji, jino hukatwa vipande, shimo husafishwa, nyuzi hutiwa. Nairobi imefundisha madaktari wa meno katika chuo kikuu chake tangu miaka ya 1970, na ustadi huo unaonekana.

Kisha huja vibahasha. Cha Amoxil kimeandikwa 1x3. Cha Flagyl kimeandikwa 1x3. Cha tatu, chenye ibuprofeni au pengine parasetamoli peke yake, kimeandikwa neno moja: "ikiuma". Dawa mbili ambazo wagonjwa wengi wenye afya hawazihitaji zimepangiwa saa, na ile ambayo karibu kila mgonjwa ataihitaji imeachwa ingoje mateso yampe ruhusa. Uamuzi huu ni kosa. Hauwezi kutetewa kwa upungufu wa vifaa, kwa kuwa dawa iko tayari mkononi, wala kwa gharama, kwa kuwa ibuprofeni ni miongoni mwa vidonge vya bei nafuu kabisa dukani.

Safari ya mgonjwa wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, inaonyesha kosa lilivyo. Sindano imechomwa katikati ya jiji saa 8 mchana. Dawa ya ganzi ya kawaida, lignokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini, huuacha mdomo na ulimi vikiwa vizito kwa saa 3 hadi 5, lakini ndani ya shimo hulegea mapema zaidi. Mdomo kwa hiyo ni saa mbovu: mgonjwa huupapasa, huuona bado mzito, huamini kwamba muda bado upo. Saa 11 jioni yumo ndani ya matatu, foleni imeanzia Landhies Road, na kufikia raundabauti ya City Stadium taya limeanza kupwita. Kidonge kimo mfukoni, maji hana, na ameambiwa angoje mpaka iume. Anafika nyumbani, anatafuta kitu cha kutia tumboni, anameza. Kidonge cha kawaida cha ibuprofeni huhitaji nusu saa hadi saa nzima ndipo kifanye kazi ya maana, na maumivu yaliyokwisha kukita hayatulii kwa urahisi kama yaliyozuiwa. Usiku wa kwanza, ambao ndio mgumu kuliko yote, umeshapotea. Kidonge kile kile, kikimezwa saa 9 na nusu mara tu shashi iliyong'atwa ilipotolewa, pamoja na mtindi au maziwa yasiyo ya moto, kingekuwa kazini kabla matatu haijaondoka stendi.

Kutojua hakuwezi kuwa udhuru. Jeraha la gego la mwisho ni miongoni mwa majeraha yaliyochunguzwa sana katika sayansi ya dawa za maumivu. Wanaong'olewa ni vijana wenye afya, upasuaji unafanana, na saa ya maumivu kuanza inatabirika, kwa hiyo kwa miongo mingi watafiti wamewatumia wagonjwa hawa kupima karibu kila kidonge kipya cha maumivu. Mapitio ya Cochrane ya 2013 yalilinganisha dawa mbili zinazojulikana na kila mtu na kukuta ibuprofeni ya miligramu 400 inashinda parasetamoli ya miligramu 1,000, na kwamba zikitumiwa pamoja hufanya vizuri kuliko kila moja peke yake. Parasetamoli peke yake, basi, ni nusu ya tiba. Utaratibu unaotokana na ushahidi huo hauna ugumu: ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli gramu 1 kabla ganzi haijaisha, kisha kila moja kwa saa zake, mara tatu kwa siku, kwa siku 2 au 3 za mwanzo, iume isiume. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, na vidonge vya mchanganyiko vya dukani vihesabiwe humo, maana vingi vinayo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za jamii hiyo, mjamzito hasa wa miezi ya mwisho, na anayemeza dawa ya kupunguza mgando wa damu hawapewi ibuprofeni kiholela. Hao daktari huwapangia njia nyingine. Vidonge vyenye aspirini havifai siku hizo kwa sababu huzuia damu kuganda.

Historia nzima ya kushinda maumivu ya meno imejengwa juu ya neno moja, kabla. Tarehe 11 Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, akavuta gesi ya nitrasi oksidi, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Wells hakungoja liume. Mwishoni mwa 1884, William Halsted mjini New York alichoma kokeini kwenye mshipa wa fahamu wa taya la chini kabla ya kisu, na njia ya sindano inayotumiwa leo katika kliniki za Nairobi ni mtoto wa ile. Nils Löfgren wa Uswidi aliunda lignokeini mwaka 1943, dawa ambayo kazi yake yote ni kutangulia. Stewart Adams na wenzake wa kampuni ya Boots, Nottingham, walipata ibuprofeni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia utengenezaji wa prostaglandini, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Tangu hapo sababu ya kutangulia imekuwa wazi. Wells na Halsted walifanya kazi wakiwa na vifaa vichache kuliko kliniki yoyote ya leo ya Jogoo Road, na waliheshimu saa. Hakuna daktari anayekata ufizi kwanza ndipo achome ganzi mgonjwa akipiga kelele. Kuandika "ikiuma" kwenye kibahasha ni kufanya hivyo hivyo kwa kidonge.

Neno hilo lina mizizi katika mazoea ya kuvumilia. Kaloleni, mtaa uliojengwa na manispaa ya Nairobi miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ulipokea familia nyingi kutoka Nyanza na magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa wazee wa Kijaluo wa kizazi hicho walikuwemo wengi waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini, desturi iitwayo nak, na kijana alitarajiwa asijikunje. Ujasiri huo ulikuwa na maana yake mahali pake. Hauna kazi katika kliniki ya meno, ambako mgonjwa aliyekosa usingizi hali, hanywi maji ya kutosha, hapigi mswaki, na jeraha lake hukaa chafu. "Vumilia kidogo, mama" si maelekezo ya dawa.

Mazoea ya pili, nayo yamelalamikiwa miaka mingi bila kubadilika, ni Amoxil na Flagyl kwa kila aliyefungua kinywa. Antibayotiki haiondoi maumivu wala haishushi uvimbe wa kawaida wa upasuaji. Mapitio ya Cochrane ya 2021 yalikadiria kwamba ni lazima watu 19 hivi wenye afya wapewe antibayotiki ili mmoja aepushwe na maambukizi baada ya kung'olewa gego la mwisho. Kumi na wanane wamemeza bure, na Kenya ilishatoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vijidudu tangu 2017. Zipo sababu za kweli za kuzitoa: usaha uliokuwepo, kinga dhaifu ya mwili, upasuaji mrefu na mgumu. Daktari azitoe kwa sababu hizo.

Madhara ya mazoea haya mawili huonekana siku ya pili. Uvimbe huongezeka na kufikia kilele kati ya saa 48 na 72, shavu limejaa, mdomo unafunguka upana wa vidole viwili kwa shida. Mgonjwa ambaye hakuambiwa habari ya kilele hicho hudhani dawa imeshindwa, hushuka kwenye duka la dawa la karibu, hununua antibayotiki kali zaidi, na ibuprofeni yake imebaki kabatini. Uvimbe wa siku ya pili ni wa kawaida. Unaotisha ni ule unaozidi baada ya siku ya nne, wenye homa, usaha, ladha mbovu, au ugumu wa kumeza na kupumua. Huo ni wa hospitali usiku huo huo.

Dozi moja ya deksamethasoni inayotolewa karibu na wakati wa upasuaji hupunguza uvimbe na kukaza kwa taya. Wanaoitumia wanastahili sifa. Baridi hufaa siku ya kwanza, dakika 20 juu ya shavu na 20 za kupumzika. Nyumba isiyo na friji haikosi njia, maana chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa kwenye friji ya duka, ikifungwa kwa kitambaa, inatosha. Kichwa kilale juu ya mito miwili. Baada ya siku mbili baridi haina kazi tena, joto la kitambaa cha maji ya vuguvugu ndilo hulegeza taya.

Donge la damu lililomo shimoni ndilo bandeji ya mfupa. Maji ya chumvi ni mazuri, lakini kuanzia siku ya pili. Kusukutua kwa nguvu saa chache baada ya kung'olewa hulitoa donge. Sigara, mrija wa soda, kutematema na muguka hufanya vivyo hivyo, na mtafunaji wa muguka anapaswa kuelezwa bila kuonewa haya, kwa kuwa asipoulizwa hatasema. Uji uwe wa vuguvugu. Chai ya moto mdomo ukiwa na ganzi huunguza bila taarifa.

Donge likipotea, siku ya tatu hivi maumivu hurudi upya, makali, yakipanda sikioni, na harufu mbaya ikitoka. Hilo ni shimo kavu. Vidonge peke yake haviliwezi. Linahitaji kuoshwa na kujazwa dawa na daktari. Dawa hiyo mara nyingi hubeba yujenoli, mafuta yale yale yaliyoipa karafuu ya Unguja na Pemba sifa yake kwa wenye maumivu ya meno. Kumimina mafuta ghafi ya karafuu kwenye jeraha bichi nyumbani huunguza ufizi.

Kibahasha cha dawa kina nafasi ya kutosha kuandika: "Kidonge cha kwanza saa 9 na nusu leo, kabla ya kupanda gari." Madaktari wa meno na wauguzi wanaombwa waandike hivyo. Mgonjwa aliyepewa kibahasha cha "ikiuma" aulize saa kabla hajatoka mlangoni.