Msawazo Haukustahili Fungu la Asilimia 30

Kosa la mashindano ya kata (mfululizo wa mbinu za karate bila mpinzani) kwenye Olimpiki ya Tokyo halikutoka kwa waamuzi saba waliokaa Nippon Budokan. Lilikuwa limeshafanyika kabla hawajashika viti, pale Shirikisho la Karate Duniani lilipoamua ufundi ubebe asilimia 70 ya alama na uwezo wa kimwili asilimia 30, kisha likauweka msawazo katika fungu hili la pili, pamoja na nguvu na kasi. Uamuzi huo haukuwa sahihi hata kidogo.

Fainali ya wanawake ya tarehe 5 Agosti 2021 kila mtu aliiona. Sandra Sánchez wa Hispania 28.06, Kiyou Shimizu wa Japani 27.88. Tofauti ni 0.18. Sasa twende kwenye hesabu. Kwa kila fungu, kila mwamuzi alitoa alama kati ya 5.0 na 10.0, kwa ngazi za 0.2. Mbili za juu na mbili za chini ziliondolewa (utaratibu mzuri), tatu zilizobaki zikajumlishwa, kisha jumla ikazidishwa kwa 0.7 au 0.3. Kwa hiyo ngazi moja ya mwamuzi mmoja upande wa ufundi ilikuwa na thamani ya 0.14, upande wa mwili, 0.06. Dhahabu na fedha za Olimpiki zilipishana kwa kiasi kinacholingana na ngazi tatu tu za fungu la mwili.

Chukua mfano wa mguu wa egemeo unaotikisika mara teke linaporudi. Mwamuzi makini akiona, akakata ngazi moja kwenye msawazo, na alama yake ikihesabiwa, mchezaji alipoteza 0.06. Mwamuzi mwingine, kwa mtikisiko uleule, akisema dachi (mkao wa miguu) haikukaa, mchezaji alipoteza 0.14. Zaidi ya mara mbili! Na kosa ni moja: kisigino kimeinuka, nyonga imepanda, uzito umekimbilia vidoleni. Dachi na msawazo havitenganishwi, kwa sababu dachi iliyokaa sawasawa ni msawazo wenyewe. Aliyevigawa katika mafungu mawili alimwachia mwamuzi achague adhabu, na namba moja ya fungu zima haikumwambia mchezaji wala kocha wake kilichokosewa.

Kuruka ndiko kulikosahaulika kabisa. Vigezo vilitaja dachi, mbinu, mpito, muda, pumzi, kime (kukaza nguvu mbinu inapofika). Mruko haumo kwa jina. Wanaomkumbuka Luca Valdesi, bingwa wa dunia 2004, 2006 na 2008, wanajua kata ya Unsu inadai nini: kuzunguka digrii 360 hewani, kisha kushuka chini kabisa, mikono sakafuni, bila mwili kuserereka. Sijaona aliyepata mruko ule tangu yeye.

Wapo wanaosema maabara itatatua tatizo. Huko mruko hukadiriwa kwa muda wa kukaa hewani: nusu sekunde ni kama sentimita 31, sekunde 0.6 ni kama 44. Kwa Unsu kipimo hicho kinadanganya, maana anayeshuka akiwa amejikunja hukaa hewani muda mrefu zaidi bila kupanda juu zaidi. Kinachofaa ni kamera ya pembeni inayofuata nyonga, na saa inayohesabu tangu mwili unapogusa sakafu hadi unapotulia.

Taekwondo nayo ina dhambi zake, na fulana za kielektroniki zilizolea mchezo wa kuning'iniza mguu wa mbele na kupapasa ni kubwa kuliko zote. Lakini angalau kanuni zake zinataja kuanguka: ni gam-jeom (adhabu), mpinzani anapata alama. Na mzunguko hulipwa. Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alikuwa nyuma 6-4 mbele ya Lutalo Muhammad mjini Rio 2016, akazunguka sekunde ya mwisho, teke likafika kichwani, 8-6. Moon Dae-sung alimmaliza Alexandros Nikolaidis kwa teke la kuzunguka kwenye fainali ya Athens 2004, akabaki wima.



Kwenye kata, Rika Usami alipotwaa ubingwa wa dunia Paris 2012, waamuzi walikuwa bado wanainua bendera kumchagua mshindi. Mfumo ule ulikuwa na upendeleo wake, ila mtikisiko mmoja ungeweza kumgharimu mchezaji bendera nzima. Turudishe uzito huo: msawazo uhamie upande wa ufundi, uandikwe pamoja na dachi, na mruko upewe mstari wake, kimo na ushukaji kila kimoja na namba yake.