Kinga ya Injini kwa Barabara za Kibondo na Kasulu: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Kinga ya injini ni bamba la chuma linalofungwa chini ya gari ili mawe na matuta yasifikie sampo, yaani bakuli la oili, wala giaboksi. Magari mengi madogo kutoka Japani huja na kava ya plastiki tu. Kazi ya kava hiyo ni kuzuia matope na kuelekeza upepo. Jiwe huivunja mara moja.

Katika barabara za udongo mwekundu na changarawe za Kibondo na Kasulu, hatari hufuata msimu. Wakati wa masika malori huchimba mifereji ya magurudumu, na tuta linalobaki katikati hukwaruza tumbo la gari dogo. Kiangazi kikifika, tuta hilo hukauka na kuwa gumu, mawe yakiwa yamejificha ndani ya vumbi. Sampo ya alumini ikigongwa hupasuka na oili humwagika. Ya bati la chuma hubonyea, na bonyeo likikaribia chujio la pampu, injini hukosa oili ingawa hakuna tone lililovuja.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza unene. Unene ni muhimu, lakini kinga nzuri hujulikana kwa jinsi inavyopokea pigo: iteleze juu ya kizuizi, na nguvu ya pigo iishie kwenye fremu badala ya injini. Sifa nyingine zote hutokana na hilo.

Kwa gari dogo, chuma cha milimita 2 hadi 3 hutosha kikiwa na mikunjo. Bamba tambarare la unene huohuo hupinda kwa urahisi. Bamba la sentimita 80 kwa 60, lenye milimita 3, lina uzito wa kilo 11 hivi. Alumini ya milimita 5 kwa ukubwa huohuo haifiki kilo 7, lakini bei yake ni kubwa na fundi wa kawaida wa kuchomelea hawezi kuiunga vizuri. Kwa mtaa wenye mashine ya kuchomelea chuma pekee, chuma ndicho kinachorekebishika.

Ukingo wa mbele uwe umepindwa kuelekea juu, ili gari lipande juu ya jiwe badala ya kulichota. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba. Bolti inayotokeza hunaswa na jiwe na kukatika. Kati ya bamba na sampo ibaki nafasi ya sentimita 2 au 3, kwa sababu bamba hubonyea linapogongwa.

Kinga ifungwe kwenye fremu au krosmemba, yaani boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari, kamwe si kwenye injini yenyewe. Injini hucheza juu ya raba zake, hivyo kinga iliyofungwa hapo hutikisika, hupiga kelele na kuipelekea injini pigo lilelile lililokusudiwa kuzuiwa. Mabano yaliyofungwa kwa bolti ni bora kuliko ya kuchomelewa, kwa kuwa bamba litahitaji kutolewa wakati wa matengenezo.

Matundu ndiyo huonyesha umakini wa fundi. Tundu la kumwagia oili na la kufikia filta yawe mahali panapofaa, bila kulegeza bamba zima. Mengine yatoe matope na kupitisha upepo. Bamba lililozibwa kote hukusanya udongo unaoshika maji, hivyo chuma huoza na joto hubaki chini ya injini. Bomba la eksozi liachiwe nafasi, maana nyasi kavu zilizonaswa kati yake na bamba zinaweza kuwaka.

Mwishowe hutazamwa umaliziaji: kingo zisizokata mikono, mistari ya kuchomelea isiyo na vishimo, na rangi ya kuzuia kutu iliyofika hadi ndani ya matundu. Baada ya kufungwa, gari liendeshwe polepole kwenye mashimo; mlio wa chuma kugusa chuma ni dalili ya kasoro. Baada ya kila masika bolti hukazwa, matope husafishwa, na bamba lililokwisha kubonyea hadi kugusa sampo hunyooshwa au kubadilishwa.